Laivu ina watu, daftari halina: kutafuta hitilafu katika matangazo ya mubashara ya kampeni

Mwongozo huu ni wa timu ndogo za kampeni nchini Kenya zinazojiandaa kwa uchaguzi wa Agosti 10, 2027: mgombea wa wadi au wa ubunge, kijana mmoja wa kushika simu, mwingine wa kujibu maoni, na bajeti inayoishia kwenye bando. Malalamiko yaliyomo ni yale yanayorudi kila msimu. Chini ya kila dalili, chanzo cha kawaida kinatangulia na cha nadra kinafuata.

Shikeni jambo moja kabla ya yote. Laivu ya kutafuta wapiga kura hupimwa kwa watu walioingia katika daftari la wapiga kura la IEBC, tume ya uchaguzi. Mioyo inayopaa kwenye kioo haihesabiwi popote. Oktoba 2021 IEBC ilianza usajili wa mwezi mmoja ikilenga wapiga kura wapya milioni 6, ikapata takriban milioni 1.5, na siasa za mitandaoni wakati huo zilikuwa zimepamba moto kweli kweli. Kwa hiyo dalili ya tano hapa chini ndiyo ndefu kuliko zote, na mwenye haraka aanze nayo.

Dalili ya 1: Kitufe cha laivu hakipo, au kinakataa

Mara nyingi akaunti ni changa. Tangu Juni 2024 Facebook inataka akaunti iwe na umri wa siku 60 na ukurasa uwe na wafuasi 100. YouTube inataka wafuatiliaji 50 kwa anayetangaza kwa simu, na ukiiwasha huduma hiyo mara ya kwanza unaweza kusubiri hadi saa 24. TikTok kwa kawaida inataka wafuasi kama 1,000, na mtangazaji awe ametimiza miaka 18. Timu inayofungua ukurasa mpya wa mgombea Jumatatu na kutangaza laivu ya Ijumaa imejifungia mlango yenyewe.

Kagueni tarehe ya kufunguliwa kwa akaunti, idadi ya wafuasi, kama programu imesasishwa, na kama simu imeiruhusu itumie kamera na maikrofoni. Kama ukurasa una wasimamizi kadhaa, hakikisheni anayeshika simu siku hiyo amepewa ruhusa ya kutangaza. Hili husahaulika sana, na hugunduliwa mheshimiwa akiwa tayari ameketi.

Yote yakiwa sawa na bado inakataa, huenda akaunti imepewa adhabu kwa chapisho la zamani. Fungueni sehemu ya hali ya akaunti, msome kosa lililotajwa, mkate rufaa humo humo. Wakati mnasubiri, tumieni ukurasa wa zamani wa mgombea mwenyewe. Msinunue ukurasa wenye wafuasi tayari: majina ya awali ya ukurasa wa Facebook huonekana na yeyote katika sehemu ya uwazi, na wapinzani wenu wanajua pa kuangalia.

*Simama hapa:* mtu akiwaambia anaweza kufungua akaunti kwa malipo na anaomba nywila au nambari ya uthibitisho iliyotumwa kwa simu, huyo anaitaka akaunti yenyewe.

Dalili ya 2: Picha inaganda, sauti inakatika

Watu wengi hupima kasi ya kupakua, wakaona intaneti ni nzuri, wakaanza. Laivu inategemea kasi ya kupandisha, na kwenye laini za simu hiyo huwa ndogo zaidi. Pimeni mkiwa papo hapo mtakapoketi, saa ile ile ya matangazo, siku moja kabla. Kasi ya kupandisha iwe angalau mara mbili ya mnachotuma. Mkituma megabiti 2.5 kwa sekunde, mnahitaji 5 zilizotulia. Kwa kiwango hicho, saa nzima inakula takriban GB 1.1 upande wenu.

Chanzo cha pili ni mkutano wenyewe. Uwanja ukijaa, kila simu iliyoko pale inagombania mnara mmoja, na yenu ni mojawapo. Hapo laini ya kampuni nyingine husaidia kidogo, ila dawa ya kweli ni kushuka hadi ubora wa 480p, au kutafuta jengo jirani lenye faiba mkavuta waya. Ikishindikana, rekodini hotuba, kisha mgombea aingie laivu jioni akiwa ofisini, aonyeshe vipande na kujibu maswali. Laivu ya namna hiyo mara nyingi huleta watu wengi kuliko ya uwanjani, kwa sababu mtazamaji anajibiwa kwa jina lake.

Halafu kuna mambo madogo yanayoangusha matangazo makubwa. Simu ikipigwa katikati, laivu inakatika: zimeni laini, mtumie Wi-Fi peke yake. Simu ikikaa juani saa sita mchana inapata joto na kujipunguzia nguvu: itoeni kwenye kava, iwekeni kivulini, msiichaji kwa nguvu wakati huo huo. Upepo wa sokoni ukipiga maikrofoni, hakuna anayesikia neno. Maikrofoni ya kubana kwenye kola yenye sponji huondoa tatizo hilo. Kama fedha zinatosha kifaa kimoja tu, nunueni hicho kabla ya taa na kabla ya stendi. Mtazamaji huvumilia picha yenye ukungu. Sauti mbovu haivumilii.

Kama mnatumia kompyuta na OBS (programu ya kurushia laivu) na picha inaganda ingawa kasi ni nzuri, wekeni muda kati ya fremu kuu (keyframe interval) uwe sekunde 2, sauti kilobiti 128, na mfunge programu nyingine zote.

*Simama hapa:* kuunganisha mtambo wenu na spika za mkutano au jenereta ni kazi ya fundi wa umeme na sauti. Mkihisi mshtuko wa umeme kwenye maikrofoni ya chuma, mgombea aiache mara moja na umeme uzimwe.

Dalili ya 3: Laivu imekatwa ghafla, au sauti imezimwa na mtandao wenyewe

Muziki ndio chanzo nambari moja. DJ anapiga wimbo unaovuma kati ya hotuba mbili, mfumo unautambua, sauti inazimwa au matangazo yanakatwa. Mwambieni DJ asubiri kamera izimwe, au mumpe nafasi mwimbaji wa wadi yenu, kikundi cha isukuti, akina mama wa kwaya, waimbe moja kwa moja wimbo wao wenyewe kwa ruhusa yao. Huvutia watu wa nyumbani kuliko wimbo wa redio.

Chanzo cha pili ni wapinzani kuiripoti laivu yenu kwa wingi kwa mtandao. Kateni rufaa, na muwe na nakala yenu ya kila tangazo iliyorekodiwa kwenye kifaa ili muwe na ushahidi.

Cha tatu kinadhaniwa ni hitilafu, kumbe ni kanuni. TikTok huzima zawadi na njia nyingine za kujipatia pesa kwenye akaunti za wanasiasa na vyama, hairuhusu akaunti hizo kuchangisha fedha za kampeni, na haikubali matangazo ya kisiasa ya kulipia, pamoja na kumlipa mtu maarufu akusifie. Hakuna mpangilio wa kurekebisha hapo. Facebook inakubali matangazo ya kulipia ya kisiasa, lakini mlipaji athibitishwe kwanza na jina lake lionekane.

Na cha mwisho, ambacho hakina mzaha, ni maneno ya mgombea. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inaharamisha uchochezi wa kikabila, na mwaka 2022 NCIC, tume inayosimamia uwiano na utangamano huo, ilitoa orodha ya maneno ya fumbo yanayotumika kuchochea, "madoadoa" likiwemo. Jukwaani neno hupita na upepo. Kwenye laivu limerekodiwa na watu hamsini kabla hujalimeza. Tumewahi kuona nchi hii ikilipia maneno kama hayo, katika ghasia za baada ya uchaguzi mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, na hakuna kiti cha wadi kinachostahili gharama ile.

*Simama hapa:* laivu ikikatwa kwa sababu ya kauli, msiirudie kwenye akaunti nyingine na msifute chochote. Mpigieni wakili wa chama kwanza.

Dalili ya 4: Watazamaji ni wachache, au wanaingia na kutoka

Anzeni na saa. Saa moja jioni ni taarifa ya habari ya Kiswahili, saa tatu ni ya Kiingereza, na Jumamosi alasiri ni mpira wa Uingereza. Saa mbili usiku, Jumanne hadi Alhamisi, ndiyo nafasi iliyo wazi. Wadi ya wakulima wanaoamka alfajiri ina saa yake tofauti, na anayeijua ni mtu wa huko.

Kisha angalieni dakika tano za kwanza. Laivu nyingi huanza kwa "tunasubiri wenzetu waingie" na salamu za majina ishirini. Aliyeingia anaona hakuna kinachotendeka, anatoka, na hatarudi. Ingieni kwenye jambo sekunde ya kwanza: barabara ya kwenda zahanati, basari za kaunti, maji. Waliochelewa mtawarudia kila baada ya dakika chache kwa sentensi mbili.

Bando nalo lina sehemu yake. Video ya ubora wa kawaida inakula takriban MB 450 kwa saa kwa mtazamaji. Kijana wa boda boda aliye steji na bando ya shilingi ishirini anatazama dakika tatu, mwangaza umeshushwa, sauti ndogo ili abiria akija amsikie. Mtengenezeeni huyo: dakika 25 badala ya saa mbili, kisha vipande vya dakika moja kwenye makundi ya WhatsApp ya wadi, na sauti peke yake kwa wanaotaka kusikiliza tu.

Wakiwa bado wachache baada ya hayo yote, tatizo liko nje ya simu. Huenda watu hawajui mgombea ni nani. Hiyo hutatuliwa kwa miguu, mlango kwa mlango.

Dalili ya 5: Watazamaji ni wengi, lakini hakuna anayejisajili

*Hawajaambiwa la kufanya.* Hiki ndicho chanzo cha kwanza, na kinapita vingine vyote kwa mbali. "Tujitokeze kwa wingi" haimpeleki mtu popote. Anayetazama anahitaji mahali, saa, na kitu cha kubeba. Andikeni maoni haya na kuyabandika juu tangu dakika ya kwanza, mkijaza ya kwenu:

"Usajili unafanyika ofisi ya IEBC ya eneobunge letu, [jengo], mkabala na [alama inayojulikana], Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Beba kitambulisho cha taifa halisi au pasipoti inayotumika. Ni bure. Ukimaliza andika NIMEJISAJILI hapa."

Piga simu ofisi hiyo asubuhi ya laivu uthibitishe saa na mahali. Mtu akifunga safari akakuta mlango umefungwa, hamtampata tena.

*Wanasubiri kiungo.* Wengi wanadhani watajisajili kwenye simu. Usajili unachukua alama za vidole na picha, na tangu 2025 mboni za macho pia, kwa hiyo mtu lazima afike mwenyewe. Semeni hivyo kila laivu. Kisha kiungo chochote cha "jisajili hapa" kinachotupwa kwenye maoni kifutwe papo hapo, kwa kuwa kinakusanya nambari za vitambulisho vya watu wenu.

*Hawana kitambulisho.* Aliyefikisha miaka 18 mwaka huu huenda hajakichukua, au alikiomba na hakijatoka. Tengeni laivu nzima kwa hili: stakabadhi gani zinahitajika, chifu anasaini nini, vitambulisho vilivyotoka vinachukuliwa wapi. Haina msisimko wa siasa, na bila hiyo sehemu kubwa ya vijana mnaowalenga haiwezi kusajiliwa hata ikitaka.

*Si wa wadi yenu.* Fungueni takwimu za ukurasa mtazame miji. Mkikuta Doha, Dubai, Toronto na Nairobi ndiyo imejaa, furahieni mapenzi ya ndugu, ila msiyahesabu kama kura. Wakenya walio nje humpigia kura rais peke yake, na mwaka 2022 waliosajiliwa nje walikuwa 10,443 katika nchi zote 12 zilizopangwa. Kwa mgombea wa wadi, shangazi aliye Qatar ana kazi nyingine kubwa: kumpigia simu mpwa wake aliye nyumbani na kumwuliza ameenda lini. Mwombeni hivyo waziwazi. Neno la shangazi anayelipa karo lina uzito kuliko bango.

*Wamesajiliwa kwingine.* Mwanafunzi alisajiliwa chuoni, fundi alisajiliwa alikokuwa akifanya kazi. Hawa hawasajiliwi upya. Wanaomba IEBC kuhamishiwa kituo, tena wakiwa wanaishi au wana uhusiano wa kweli na mahali hapo. Kujisajili mara mbili ni kosa la jinai, na anayewaambia vijana "jisajili tena, mfumo hautaona" anawapeleka mahakamani.

*Hawaamini.* Hiki ni chanzo kigumu, na hakina mpangilio wa kubonyeza. Vijana walioingia mitaani Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha wanajua kutumia laivu kuliko timu yoyote ya kampeni. Julai 5 mwaka huo Rais William Ruto mwenyewe aliingia kwenye mazungumzo ya mubashara ya mtandao wa X kuwajibu, na aliulizwa mambo ambayo hakuna mwanahabari angemwuliza usoni. Kijana huyo akiandika "kura yangu itabadilisha nini?", msimfute na msimjibu kwa methali. Onyesheni kwenye kioo matokeo ya wadi yenu ya 2022 kama yalivyotangazwa: mshindi alipata ngapi, aliyemfuata ngapi, tofauti ngapi. Kisha mgombea wa wadi ataje bajeti ambayo bunge la kaunti hupitisha, na yeye mwenyewe akichaguliwa ataipigiaje kura. Baada ya hapo amwachie maikrofoni aliyeuliza. Mgombea asiyeweza kuketi dakika kumi na swali hilo bila kukasirika, laivu itamwonyesha jinsi alivyo, na ni haki ya mpiga kura kumwona.

Marekebisho ya ndani zaidi ni ufuatiliaji. Kila kijiji kiwe na mtu mmoja anayeaminika atakayewaongoza walioandika "nitaenda Jumatano" hadi mlangoni Jumatano. Tangazeni kutoka nje ya ofisi ya usajili pamoja na mtu aliyemaliza sasa hivi, kwa idhini yake, aeleze alichukua muda gani na aliulizwa nini. Ombeni ruhusa ya afisa kwanza, na kamera isielekezwe kwa walio kwenye foleni.

*Simama hapa, kwa mambo matatu.* Kwanza, kugawa airtime, nauli au chakula ili watu wajisajili au wakupigie kura kunaweza kuangukia hongo chini ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016. Mwulizeni wakili kabla ya kutangaza bahati nasibu yoyote kwenye laivu. Pili, msiombe picha za vitambulisho, iwe kwenye maoni au faraghani. Tatu, orodha ya majina na nambari za simu ni data ya watu: kanuni za 2021 chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data zinamtaka anayeshughulikia data ili kutafuta uungwaji mkono wa kisiasa ajisajili na Ofisi ya Kamishna wa Data, hata akiwa mdogo. Juni 2021 Wakenya wengi walifungua mfumo wa Msajili wa Vyama vya Siasa kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, wakakuta wameandikwa wanachama wa vyama wasivyovijua. Hasira ile bado ipo, na ni halali.

Dalili ya 6: Maoni yamevamiwa

Matusi ya kawaida yanazuiwa na kichungi cha maneno. Jazeni maneno ya Kiswahili, Sheng na lugha ya mama ya eneo lenu, kwa kuwa kichungi cha mtandao hakiyajui. Tofautisheni matusi na upinzani. Anayeuliza fedha za mradi zilienda wapi abaki na ajibiwe.

Nambari za M-Pesa zinazojitokeza zikidai kuchangisha kwa niaba ya mgombea zifutwe, na mgombea aseme kwa mdomo wake hapo hapo kwamba si zake. Mkiona laivu bandia yenye video ya zamani ya mgombea, au sauti iliyotengenezwa, piganieni iondolewe, na muweke tangazo moja fupi kwenye ukurasa halisi. Msiirushe tena mkiisahihisha, mtaieneza.

Wanawake wanaogombea hupata kiwango kingine cha uchafu kabisa. Timu iwe na mtu wa kusoma maoni kabla mgombea hajayaona, na asiwe mgombea mwenyewe.

*Simama hapa:* tishio la kumdhuru mtu, kutaja nyumbani kwake au shule ya watoto wake, si la kuzuiwa tu. Pigeni picha ya kioo yenye jina la akaunti na saa, mzime laivu, mwende kituo cha polisi mkapate nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi). Wito wa kushambulia jamii fulani upelekeni NCIC pia.

Dalili ya 7: "Nilijisajili, lakini jina langu halipo"

Mara nyingi nambari imeingizwa vibaya: tarakimu imerukwa, au alitumia pasipoti kusajiliwa na sasa anatafuta kwa kitambulisho. Ajaribu tena kwa hati aliyosajiliwa nayo. Pia huenda alisajiliwa juzi na daftari halijasasishwa.

Mengine yote si kazi ya timu ya kampeni. Msitafute jina lake kwa niaba yake, msibebe kitambulisho chake, na msimwahidi chochote mbele ya watazamaji. Aende mwenyewe ofisi ya IEBC ya eneobunge na karatasi aliyopewa siku ya kusajiliwa, na aende kabla kipindi cha kukagua daftari hakijafungwa. Tangazeni tarehe za ukaguzi huo katika kila laivu tangu siku IEBC itakapozitoa, hata kama siku hiyo mlikuwa mmepanga kuzungumzia barabara.